Mwaka Wangu wa Mimba Zabibu

Naandika haya kwa ajili ya mwanamke mmoja nisiyemjua. Leo yuko kwenye benchi la hospitali fulani, ameambiwa ana mimba zabibu, na hajui kama alicheke hilo jina au alie. Mimi nililia. Kucheka kulikuja baadaye sana, tena kwa sababu ya ndama. Nitayasema kwa mpangilio, maana woga ulinivuruga mara moja na sitaki univuruge tena.

Naitwa Sikudhani. Mimi ni Mhehe, nyumbani kwetu ni Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu. Kazi yangu ni uhimilishaji, yaani napandikiza ng'ombe mbegu kwa mrija, dume asihitajike. Niliolewa na Gwamaka, Mnyakyusa, nikaenda kuishi kwa wazazi wake kwenye vilima vya Tukuyu. Yeye yuko Makongolosi kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na hurudi kila mwisho wa mwezi.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Siku hizi familia nyingi zimelegeza. Ukoo ule haujalegeza. Tangu niingie pale sikuwahi kumtazama baba mkwe usoni, sikumsemesha, na jina lake sikulitamka. Hata hapa siliandiki. Nikisikia kikohozi chake njiani naingia kwenye migomba. Akisikia ndala zangu, anaingia yeye. Mambo hayo huisha mkamwana akizaa: baba mkwe humpa mtamba, yaani ng'ombe jike asiyezaa bado, na tangu siku hiyo wanasalimiana kama watu. Mimi nilikuwa nimekaa miaka minne bila mtoto. Kwa hiyo nilimjua yule mzee kwa nyuma tu: koti la kahawia lenye kiraka begani, shingo yenye mikunjo, na kofia ya sufu.

Shida ni kwamba ana ng'ombe, na mtaalamu wa ng'ombe ni mimi. Tulijitafutia utaratibu. Ng'ombe wake, Faida, akiwa kwenye joto, anataka dume, mzee anamfunga bandani kisha anakwenda kukaa migombani. Naingia, nafanya kazi yangu, nikimaliza nagonga ndoo kwa fimbo mara tatu na kuondoka zangu. Akisikia ndoo, anarudi. Majirani walitucheka, lakini Faida alizaa karibu kila mwaka.

Kisha nami nikapata. Ilikuwa mvua zimeshakolea, mwezi wa kumi na mbili, kipimo kikaonyesha mistari miwili. Mama mkwe alipiga vigelegele kimyakimya, kiganja kikiwa mdomoni, ili asiite uchawi. Nilitapika kuliko mwanamke yeyote niliyepata kumwona. Nilitapika maji, nilitapika mate, nilitapika hata harufu ya sabuni. Na tumbo lilikua kwa kasi. Sikuwa nimefikisha miezi mitatu, lakini sketi zangu zote zilikataa kufunga.

"Mapacha hao," alisema mama mkwe, na akaanza kutafuta majina.

Mwezi wa kwanza nilikwenda kumsalimia mama yangu. Siku ya tatu nikaona damu, nyeusi kama maji ya majani ya chai. Mama hakubishana na mimi, alinipeleka Iringa mjini kupima kwa ultrasaundi. Mpimaji alikuwa kijana mchangamfu, anaongea mambo ya mpira. Akapaka ile jeli ya baridi, akaweka kifaa tumboni, akanyamaza. Dada, unayesoma, kama umewahi kumsikia mpimaji akinyamaza, unajua ninachosema. Niligeuza shingo nikatazama kioo. Hapakuwa na kichwa, hapakuwa na moyo unaopigapiga. Palikuwa na vidoa vyeupe na vyeusi vimejaa kioo kizima, kama televisheni iliyokosa mawimbi.

Daktari wa pale hakuzunguka. "Hii ni mimba zabibu. Hakuna mtoto, na hakuna wa kumsubiri. Unatakiwa usafishwe wiki hii hii. Ukikaa nayo inaweza kukumwagia damu, na inaweza kugeuka ugonjwa mbaya." Aliandika barua ya rufaa niende hospitali kubwa ya Mbeya, kwa kuwa ndiko ninakoishi.

Nilipanda basi na barua kwenye sidiria. Tulipofika Nyololo abiria walishuka kununua viazi na mahindi ya kuchoma, na mimi nikabaki kitini nimeshika tumbo kwa mikono miwili. Sikuwa na uchungu bado. Nilikuwa naogopa tu, woga mkavu, wa kukausha ulimi.

Nilipaswa kushuka Mbeya mjini na kwenda moja kwa moja hospitali. Sikushuka kwa ajili hiyo. Nilibadilisha gari nikaenda nyumbani kwa mume, nikamwambia mama mkwe yote.

"Mwe!" alisema. "Mtoto amelala mgongoni. Mashine zinapima mbele, huyo wa nyuma zitamwona wapi? Hata Gwamaka alilala mgongoni mpaka mwezi wa saba, wakaniambia ni uvimbe. Uvimbe gani unaokula ugali siku hizi?"

Na mimi nikaamini. Mimi, ambaye naingiza mkono mzima ndani ya ng'ombe na kuisoma mimba kwa vidole! Ninajua mimba inakaa wapi. Mgongoni hakuna chumba. Lakini maneno ya mama mkwe yalikuwa na mtoto ndani yake, na ya daktari hayakuwa naye. Niliificha barua chini ya godoro. Kila jioni mama mkwe alinilaza kifudifudi, akanikanda kiuno kwa jani la mgomba lililopashwa moto, ili mtoto asogee mbele. Alikanda kwa upendo, simlaumu. Siku kumi na tisa nilikandwa. Usiku nilikuwa nafungua macho na kuhesabu mapigo ya moyo wangu, ambayo yalikwenda mbio hata nikiwa nimelala. Nilijua. Ndani kabisa nilijua, na ndiyo maana niliogopa hata kuigusa ile barua.

Siku ya ishirini ilikuwa ya mvua, na mama mkwe alikuwa amekwenda msibani. Faida alikuwa kwenye joto tangu asubuhi. Nikasikia mzee akimfunga, kisha hatua zake zikipotelea migombani. Nikavaa glavu, nikaingia, nikafanya kazi yangu. Nilipoinama kuokota fimbo ya kugongea ndoo, nilihisi joto likishuka miguuni, na buti la kushoto likajaa. Nikatazama chini. Pamoja na damu palikuwa na vipovu vyenye maji, vidogo kama punje za mahindi, vingine vikubwa zaidi, vimeshikana vichala vichala. Ni zabibu kweli. Nikaanguka, nikakaa kwenye samadi.

Ndoo ilikuwa hatua mbili kutoka mkononi mwangu. Sikuifikia.

Sijui nilikaa muda gani. Nilimsikia akikohoa mbali. Kisha akaita, si mimi, ng'ombe. "Faida! Mbona kimya?" Mvua ikapiga bati. "Faida, mwambie huyo mgeni wako agonge ndoo." Nilitaka kujibu, sauti haikutoka. Nikaona mabuti yake mlangoni, na unajua nilifanya nini? Nilijifunika uso kwa kanga. Ninakufa, na bado nafunika uso.

Mabuti yakageuka. Akachuchumaa mbele yangu, mgongo ukinielekea, ule mgongo wa koti la kahawia, akasema, "Faida, mwambie apande." Nikapanda. Mzee wa miaka sabini alinibeba mgongoni kama mtoto anavyobebwa, akanishusha kilima kwenye utelezi mpaka barabarani kwa jirani mwenye pikapu. Nilikuwa nahisi mbavu zake zikipanda na kushuka. Njia nzima alimwomba Mungu kwa Kinyakyusa, neno moja lile lile.

Mbeya walinisafisha siku hiyo hiyo na kuniongezea damu. Nilipozinduka vizuri, daktari, mama mmoja wa makamo mwenye sauti nzito, alivuta kiti.

"Wameniambia wewe ni mtu wa mifugo. Basi nikuchoree."

Akachora duara, na nililijua: yai. Chuoni tulikuwa tukiletewa mifuko ya mayai ya ng'ombe kutoka machinjioni, tunafyonza majimaji yake na kuyaweka chini ya hadubini. Yai la ng'ombe ni kitu kizuri, sijui niseme nini zaidi. Lina ganda jembamba linalong'aa kama kioo, nje limezungukwa na vijiseli vidogo kama chenga za unga, ndani lina ute, na ndani ya ute kuna kiini. Likishika mbegu linagawanyika mawili, manne, manane, mpaka linakuwa kitonge kama tunda la forosadi. Baadaye kitonge kinakuwa na uwazi katikati. Ukuta wa nje utakuwa kondo la nyuma, na fundo dogo upande mmoja ndilo litakuwa ndama.

"Lako lilikuwa na ganda na ute," alisema daktari, "ila kiini hakikuwamo. Mbegu ikaingia ikafanya kazi peke yake. Kwa hiyo umeota ukuta tu. Kondo bila mtoto. Na kondo ambalo halina wa kumlisha linakula lolote linalolikuta. Tumelitoa. Lakini likibaki hata punje, linaweza kuota tena, likapanda mpaka kwenye mapafu."

Hapo ndipo uchungu uliponipata. Sikuwa nimefiwa hata na mtoto. Tulikuwa tumemkanda, tumemtafutia majina, na hakuwahi kuwapo.

Tangu hapo maisha yangu yakawa Jumatatu. Kila Jumatatu damu, kila Jumatatu kusubiri kiwango cha ile homoni ya mimba. Kwa anayepona, namba ile hushuka mpaka haipo. Gwamaka hakuruhusiwa kutoka kazini kila wiki, mama mkwe aliona aibu na majani yake ya mgomba, kwa hiyo aliyenisindikiza ni baba mkwe. Na mila yetu tukaenda nayo. Palikuwa na benchi lisilo na egemeo katikati ya ukumbi. Mimi nilikaa nikitazama dirisha la maabara, yeye akakaa upande wa pili akitazama ukuta wenye picha za kunyonyesha. Mgongo kwa mgongo, bila kugusana. Hatukusemeshana. Tulisemesha benchi.

"Benchi," alikuwa akisema, "wamesemaje leo?"

"Benchi, namba imeshuka," najibu.

"Benchi, kuna uji kwenye chupa."

Wajawazito walikuwa wakisubiri hapo hapo. Mmoja, binti mcheshi wa Kisafwa, aliniuliza, "Wewe una miezi mingapi, dada?" Tumbo langu lilikuwa bado halijarudi. Nilifungua mdomo, na nyuma yangu mzee akaliambia benchi, "Huyu anaumwa. Aombewe, asiulizwe." Binti akanishika mkono, akaniombea palepale. Zilikuwa ni fadhila ndogo, na nilizishika kama mtu anayezama.

Namba ilishuka wiki tano. Ya sita ilisimama. Ya saba ikapanda.

Kumbuka hili: namba ikipanda hujisikii chochote. Unatembea, unafua, unapika ndizi, na ndani yako kuna kitu kinaota. Nikawa naogopa mwili wangu wenyewe. Nikikohoa, nafikiri ni mapafu. Nikiumwa kichwa, nafikiri kimefika kichwani. Nilinunua vile vipimo vya mistari miwili dukani, nikapima chooni kila asubuhi, na kila asubuhi mistari ilikuwa miwili. Wenzangu wanapiga magoti kuiomba ile mistari. Mimi niliitupa shimoni.

Gwamaka alikuja kumsikiliza daktari. Mapafu yalikuwa safi, asante Mungu, lakini sindano lazima, zile za kuua kinachoota. Na mimba marufuku mpaka mwaka upite tangu sindano ya mwisho. Tulirudi nyumbani. Uani, kabla hata hajavua viatu, akasema, "Kumbe yai lako lilikuwa tupu."

Hakusema kwa ubaya, leo najua. Alikuwa anatafuta pa kuliweka lile jambo. Lakini niliwaka. "Tupu, ndiyo! Basi kila kilichoota ndani yangu kilikuwa chako. Muulize daktari. Kinachonila ni wewe mtupu!"

Mama mkwe alidondosha sufuria. Gwamaka akawa kama mtu aliyechapwa kofi. Tukasikia kikohozi nyuma ya ukuta wa banda.

"Faida," mzee alisema taratibu, "ulipotupa mimba mwaka ule, nilikuchapa?" Akasubiri ng'ombe ajibu. "Na lile dume la mzungu lililotoa mbegu, tulilifungulia kesi? Basi waambie waingie ndani wale. Chakula kinapoa."

Gwamaka aliingia ndani. Nilimkuta amekaa kitandani, ameshika ile barua ya Iringa niliyoificha, analia. Tulilia wote wawili. Hatukumaliza siku hiyo, lakini tulianza.

Sindano zilianza masika yakielekea kuisha na zikaendelea baridi yote. Sindano leo, kesho kidonge cha kupooza makali, sindano tena, siku nane hivyo, kisha mapumziko ya wiki, kisha upya. Baridi ya Mbeya mwezi wa sita na wa saba unaijua kama umeilala. Duru ya pili mdomo wangu ulichubuka wote, ulimi, fizi, mpaka kooni. Maji yalichoma. Mate yalichoma. Macho yakawa na mchanga. Nywele zilipungua tu, ila ngozi ilikauka na kuwa nyeusi vidoleni. Mama mkwe ndiye aliyeniokoa mdomo: alipika uji mwembamba wa ulezi, akaupoza kabisa, akaniwekea mrija wa soda. Hakusema samahani. Kila siku alileta uji, na mimi nikaunywa wote mbele yake.

Kati ya duru mbili, siku moja niliyojisikia mtu, niliingia bandani kumpima Faida. Daktari angenigombeza. Sikujua kama kazi ya ile siku niliyoanguka ilishika. Mkono wangu ulikuwa umekonda, ulifika kwa shida, na vidole vikakuta. Yuko. Kale kamfuko kenye maji, na ndani yake kitu kigumu kidogo kilichosogea nilipokigusa. Nitasema ukweli, kwa kuwa nimeahidi kukusaidia, dada: nilimwonea ng'ombe wivu. Nililala na paji la uso kwenye ubavu wake nikalia kwa wivu. Kisha nikakumbuka, nikaokota fimbo, nikagonga ndoo mara tatu. Migombani nikasikia mzee akipiga makofi.

Mwezi wa nane, dirisha la maabara likafunguka, Sista akanipa karatasi. Sikuweza kuitazama. Herufi zilicheza. Nikaipitisha juu ya bega, nyuma, bila kugeuka, ikachukuliwa. Nilisikia mfuko wa koti, miwani ikitoka, miwani ikifutwa. Mzee yule anafuta miwani kama anaosha mtoto.

"Benchi," alisema, akaikunja karatasi, akaikunjua. Akaanza tena. "Benchi, hakuna kitu. Wameandika hakuna kitu."

Walinipa duru nyingine juu yake, kuhakikisha. Sasa napima kila mwezi, na kila mwezi naogopa upya, usidhani unazoea. Siku moja kabla ya kipimo sili. Nimeambiwa mwakani tunaweza kujaribu tena. Sijui nitafanya nini nikiona mistari miwili. Ninachojua ni kwamba nitakwenda hospitali siku ileile. Na wewe uende. Ukiambiwa hakuna mtoto, lia, lakini lilia njiani kwenda hospitali. Usikae siku ishirini kama mimi. Mimi alikuwapo wa kunibeba; wako huenda yuko mbali.

Faida alizaa mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikianguka. Ndama jike, mweusi, baka jeupe pajani. Nilikuwa nimesimama mbali, jikoni, nikichungulia, maana mzee alikuwa bandani. Akaita watu wote uani. Gwamaka alikuwapo. Mzee akasimama kama kawaida, mgongo ukituelekea, mkono juu ya ndama.

"Huyu ni wa mkamwana," alisema.

Mama mkwe akasogea. "Baba Gwamaka," akasema kwa upole, "mtamba hutolewa mkamwana akizaa. Huyu hajazaa."

"Nilimbeba mgongoni," mzee akajibu. "Sisi tunambeba nani mgongoni, kama si mtoto wetu?"

Mvua ilikuwa inaanza. Kisha mabuti yakageuka, taratibu, na safari hii hayakuondoka. Nilishika kanga nijifunike, na mama mkwe akanishusha mkono.

"Ndaga, Sikudhani," alisema mzee, neno la Kinyakyusa la kusalimu na kushukuru.

Nikainua uso. Ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto, na anafanana na Gwamaka kabisa, pua ile ile, mdomo ule ule unaotetemeka kabla ya kulia. Miaka mitano nimekaa kwenye nyumba ile, na hakuna aliyewahi kuniambia. Nikacheka.